Sigiri Inayotoa Umeme: Tathmini ya Kifaa cha "Nano" Kinachouzwa Kampala

Kifaa ninachokitathmini hapa kinauzwa kwa bei isiyofika laki mbili katika duka la vifaa vya umeme wa jua katikati ya Kampala. Kinafungwa ubavuni mwa sigiri, kinachukua joto la makaa, na kinatoa umeme wa kuchajia simu na kuwashia taa ndogo. Juu ya boksi lake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna teknolojia ya nano, yaani maada iliyoundwa kwa chembe ndogo mno, na kwamba kifaa kinatoa wati 5. Madai haya mawili ndiyo yaliyonifanya nikinunue na ndiyo nitakayoyapima, kwa kuwa la kwanza linahusu maada iliyomo ndani na la pili linahusu kazi ya kifaa kizima, ilhali wauzaji huyatamka kwa pumzi moja kana kwamba likithibiti moja limethibiti na jingine. Kwa msomaji mwenye haraka nasema mapema: moduli yenyewe, yaani kile kipande kinachogeuza joto kuwa umeme, ni nzuri ya kawaida, kazi ya kuifunga ilifanywa ovyo, na kilichokizuia kifaa kufikia hata nusu ya ahadi yake hakikuwa upungufu wa sayansi bali skrubu nne ambazo hazikukazwa sawasawa, pamoja na upozaji hafifu wa feni.

Muundo wake ni rahisi kuueleza. Ulimi wa chuma kizito unaingizwa kwenye mlango wa hewa wa sigiri, pale pa kuondolea majivu, ukalala chini ya makaa. Ulimi huo unapeleka joto kwenye kipande cha alumini, na juu ya kipande hicho imebanwa moduli ya mraba yenye upande wa milimita 40 na unene wa milimita chache. Upande wa pili wa moduli kuna mapezi ya alumini na feni ndogo ya kuyapoza, kisha kisanduku cha plastiki chenye saketi ya kupandisha volti na tundu la USB. Feni inaendeshwa na umeme uleule unaozalishwa, jambo ambalo Hajati mwenye duka hakulitaja na ambalo lina uzito mkubwa katika hesabu itakayofuata.

Ndani ya moduli hamna kinachozunguka wala kinachoungua. Kati ya vigae viwili vyembamba vya kauri zimepangwa jozi 127 za miguu midogo ya semikondakta, katika kila jozi mguu mmoja wa aina ya P, wenye upungufu wa elektroni, na mwingine wa aina ya N, wenye elektroni za ziada, zote zikiunganishwa mfululizo kama seli za tochi. Thomas Johann Seebeck aliona mwaka 1821 kwamba saketi ya metali mbili tofauti, ikipashwa joto kwenye kiungo kimoja, inageuza sindano ya dira. Yeye alidhani ni sumaku inayozaliwa na joto, baadaye ikabainika kwamba ni mkondo wa umeme. Metali za kawaida hutoa mikrovolti chache tu kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Bismathi teluridi, ambayo Julian Goldsmid na mwenzake walionyesha uwezo wake nchini Uingereza mwaka 1954, hutoa karibu mikrovolti 200. Zidisha kwa miguu 254 unapata takriban volti 0.05 kwa kila nyuzi, maana yake tofauti ya nyuzi 100 kati ya nyuso mbili za moduli inaleta volti 5 kabla ya kuunganisha mzigo. Namba hii ya 0.05 naomba msomaji asiisahau, kwa sababu ndiyo iliyofichua kasoro ya kifaa hiki.

Ubora wa maada ya thamoelektriki, yaani inayogeuza joto kuwa umeme, hupimwa kwa namba isiyo na kizio, inayoandikwa ZT. Ili uipate, unachukua mraba wa volti ya Seebeck (volti inayozaliwa kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto), unauzidisha kwa upitishaji wa umeme na kwa halijoto, kisha unagawanya kwa upitishaji wa joto. Maada inayotafutwa basi ni ile inayopitisha umeme vizuri na kuzuia joto lisipite, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu sifa hizi zimefungamana. Ukiongeza elektroni huru ili umeme upite kwa wepesi, volti ya Seebeck inashuka, na elektroni hizohizo zinabeba joto pia. Ndiyo maana kwa takriban miongo minne tangu miaka ya 1950 namba hiyo ilikaa karibu na 1 bila kusogea kwa kiasi cha maana, na wengi wakauhesabu uwanja huu kuwa umekwisha.

Uliamshwa upya mwaka 1993, pale Mildred Dresselhaus wa chuo cha MIT nchini Marekani na mwanafunzi wake L. D. Hicks walipochapisha hesabu zilizoonyesha kwamba katika tabaka nyembamba mno, za nanomita chache tu, fungamano hilo linaweza kulegezwa. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Baadaye ikadhihirika kwamba faida kubwa zaidi haitokani na elektroni bali na joto lenyewe. Katika maada ngumu za aina hii joto hubebwa kwa sehemu kubwa na mitetemo ya atomi, ambayo wanafizikia huiita fononi, na fononi nyingi husafiri mbali kuliko elektroni kabla ya kugongana na kitu. Ukiijaza maada mipaka kila baada ya makumi machache ya nanomita, fononi zinatawanywa kila mara, ilhali elektroni, ambazo hatua zake ni fupi kuliko nafasi iliyoko kati ya mipaka, hazipungukiwi sana: ni ile foleni ya jioni pale Wandegeya ambamo teksi zinakwama na bodaboda zinapenya.

Hesabu, hata hivyo, haibanwi kwenye sigiri. Kujenga tabaka za nanomita moja juu ya nyingine ndani ya chombo kisicho na hewa ni kazi ya siku nyingi na gharama kubwa, na kinachopatikana ni utando usiotosha hata kufunika ukucha. Kilichoileta nano karibu na soko ni njia ambayo fundi yeyote wa Katwe angeielewa akiiona: kusaga na kushindilia. Mwaka 2008 watafiti wa Boston College na MIT walichukua mchanganyiko wa bismathi, antimoni na teluriamu, wakausaga ndani ya mtungi uliojaa gololi za chuma zinazogongana kwa kasi, mpaka ukawa unga ambao chembe zake zina upana wa nanomita kama 20, kisha wakaushindilia kwa joto na shinikizo ukawa kipande kigumu tena. Upitishaji wa joto ulishuka, wa umeme ukabaki pazuri, na ZT ikafika 1.4 kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nyuzi 100 ni jirani na mahali moduli ya sigiri inapofanyia kazi, na ndiyo sababu tokeo hili linanigusa zaidi kuliko mengine yenye namba kubwa.

Ugumu wote wa kazi hiyo uko kwenye hatua mbili. Ya kwanza ni kwamba unga mwembamba kiasi hicho una eneo kubwa mno la nje, na hewa ikiugusa unashika oksijeni na kuharibika. Kwa hiyo husagwa na kushikwa ndani ya gesi ya argoni. Ya pili ni kwamba joto linalohitajika kuushikamanisha unga ndilo hilohilo linalozifanya chembe zikue na kuungana, na ukichelewa unapoteza nano uliyoisaga kwa jasho. Hapo ndipo ilipopata umaarufu mashine inayopitisha mapigo ya mkondo mkubwa wa umeme moja kwa moja kwenye kalibu ya grafiti huku ikiibana: joto linapanda ndani ya dakika chache badala ya saa, kipande kinaiva, na chembe hazipati muda wa kunenepa. Mwaka 2015 watafiti wa Korea Kusini na wenzao waliongeza ujanja mwingine. Waliweka teluriamu ya ziada kwenye unga, ikayeyuka wakati wa kushindilia na kukamuliwa nje ya kalibu, ikaacha kwenye mipaka ya chembe safu za kasoro ndogo ndogo zinazotawanya fononi za urefu ambao njia nyingine huziacha zipite. Waliripoti ZT ya 1.86 kwenye nyuzi kama 47. Hiyo ni namba ya sampuli ya maabara, na ya mguu wa aina ya P peke yake.

Mguu wa aina ya N, ambao kwa kawaida ni bismathi teluridi yenye seleniamu kidogo, umekuwa mkaidi zaidi. Fuwele zake zina tabaka, na umeme hupita vizuri zaidi kufuata tabaka kuliko kuzikata. Ukiisaga ikawa unga, tabaka zinaelekea kila upande na faida yote ya kuzuia joto inaliwa na hasara ya umeme. Dawa iliyopatikana ni kukishindilia kipande mara ya pili ndani ya kalibu pana zaidi ili kitanuke na tabaka zake zilale upande mmoja, na kwa njia hiyo ZT imesogezwa kutoka chini ya 1 hadi juu yake kidogo. Kwa hiyo moduli inayojiita ya nano, hata ikiwa ya kweli, mara nyingi ina mguu mmoja uliosonga mbele na mwingine unaouburuta nyuma.

Kijana anayesaidia dukani alinitajia namba za 2 na zaidi, na hakusema uongo. Amezichukua mahali pasipohusika tu. Teluridi ya risasi iliyotengenezwa na kundi la Mercouri Kanatzidis wa chuo kikuu cha Northwestern nchini Marekani, iliyotangazwa mwaka 2012, ilifika 2.2, na seleniidi ya bati ikafika 2.6 mwaka 2014, lakini yote hayo ni kwenye nyuzi 640 na zaidi, na ya pili ilikuwa fuwele moja iliyokuzwa kwa uangalifu. Maada za joto kali zina kazi zake, kama silikoni na gerimaniamu zinazovipa umeme vyombo vya anga vya Voyager tangu viliporushwa mwaka 1977. Kwenye sigiri ya nyumbani, ambako moduli haitakiwi kupita nyuzi 200 na ushei, bismathi teluridi bado haijapata mshindani dukani.

Je, moduli iliyomo ndani ya kifaa hiki ni ya nano? Kwa macho huwezi kujua, na hadubini ya elektroni si kitu cha kuazima mtaani. Ipo hata hivyo njia aliyoieleza mtafiti Harman mwaka 1958, ambayo mtu mwenye betri, kinzani na mita anaweza kuifanya mezani, nami huwafanyia wanafunzi wangu wa fizikia. Nilichomoa moduli, nikaining'iniza kwa nyaya zake ndani ya boksi la karatasi ngumu ili upepo usiiguse, nikapitisha mkondo mdogo wa miliampea 50 na kusubiri mita itulie. Ilitulia kwenye milivolti 172. Nilipokata mkondo, namba ilianguka papo hapo hadi 72, kisha ikaanza kushuka polepole kadiri nyuso mbili zilivyosawazishana joto. Zile milivolti 100 zilizopotea ghafla ni sehemu ya ukinzani. Zile 72 zilizobaki ni volti ya Seebeck iliyozaliwa na tofauti ya joto ambayo mkondo wenyewe uliisukuma ndani ya moduli. Gawanya zilizobaki kwa zilizopotea, unapata ZT ya moduli nzima: 0.72.

Nikafanya vivyo hivyo kwa moduli kuukuu iliyotolewa kwenye kiboksi cha kupozea soda cha gari, ambayo haijawahi kudai unano wowote. Ikatoa 0.68. Tofauti hiyo iko ndani ya mipaka ya mita yangu, na siwezi kuifanya hoja. Ni kweli kwamba ZT ya moduli daima iko chini ya ile ya maada, kwa kuwa viungo, vigae na hewa iliyoko kati ya miguu vinakula sehemu yake. Lakini moduli yenye miguu iliyoboreshwa kweli ningetarajia iipite ya kiboksi cha soda kwa kiasi kinachoonekana bila kubishana. Neno nano kwenye boksi nimelihesabu kuwa tangazo.

Sasa tuje kwenye kazi. Jaribio la kwanza lilikuwa nyumbani, kwenye sigiri ya matoke, na kwa kifaa cha aina hii hakuna mpishi mwema kuliko matoke: makaa yanakaa kwenye moto wa wastani kwa saa nyingi, hakuna anayefunua majani kila dakika, na ulimi wa chuma unabaki mahali pake. Nilibandika kipimajoto kimoja kwenye kipande cha alumini cha upande wa moto na kingine kwenye kitako cha mapezi. Upande wa moto ulitulia kwenye nyuzi 195 na wa mapezi kwenye 85, maana yake tofauti ni nyuzi 110. Kwa hesabu ya 0.05 nilitarajia volti zinazozidi 5. Mita ikasema 3.4.

Volti 3.4 ni sawa na nyuzi zisizofika 70. Nyuzi 40 zilizobaki zilikuwa zikiishia njiani, kabla ya kufika kwenye moduli na baada ya kutoka humo, na mahali pekee zinapoweza kuishia ni kwenye magusano kati ya alumini na vigae. Umeme unaopatikana unakwenda na mraba wa tofauti ya joto, kwa hiyo hasara hii si theluthi moja kama inavyoonekana. Kwa ukinzani wa ndani wa omu 2.8, ambao ndio niliopima moduli ikiwa ya moto, volti 3.4 zinatoa wati 1 tu penye mzigo wenye ukinzani uliolingana na huo wa ndani. Feni inachukua nusu wati. Saketi ya kupandisha volti inakata chake. Kinachofika kwenye simu ni karibu wati 0.4, na boksi linasema 5.

Nikakifungua. Skrubu mbili za upande wa kushoto zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho, mbili za kulia zilizunguka kwa vidole. Pasti nyeupe ya kupitishia joto ilikuwa imepakwa kama tone moja katikati, ikasambaa kwenye robo ya uso wa kigae na kukaukia hapo, na sehemu iliyobaki ya kigae ilikuwa safi kavu, ikigusana na hewa badala ya alumini. Kwenye kona moja ya kipande cha alumini palikuwa na ukingo mdogo wa chuma ulioachwa na mashine ya kukatia, ambao unausikia ukipitisha ukucha, na ukingo huo peke yake unatosha kuiinua moduli upande mmoja. Niliusugua kwa msasa mwembamba juu ya kioo, nikaifuta pasti ya zamani kwa spiriti, nikapaka mpya nyembamba kiasi cha kuona rangi ya kigae chini yake, na nikakaza skrubu kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu.

Kwenye sigiri ileile volti zikawa 4.6. Jambo la kuangalia ni kwamba upande wa moto ulishuka hadi nyuzi 185 na mapezi yakapanda hadi 92; tofauti ya nje imepungua na umeme umeongezeka, kwa sababu sasa joto linapita ndani ya moduli badala ya kuikwepa. Wati za moduli zimetoka 1.03 hadi 1.89, ongezeko la zaidi ya asilimia 80. Linganisha na kile ambacho nano ingeleta. Chukua moduli yenye upande wa moto wa nyuzi 200 na upande baridi wa nyuzi 80: maada ya ZT 1 inageuza takriban asilimia 4.9 ya joto kuwa umeme, na ya ZT 1.4 inageuza asilimia 6.1. Ni ongezeko la robo. Robo si haba, na wanaoitafuta wanastahili heshima yao, lakini kiwanda kinachoiuza robo hiyo kwenye boksi huku kikipoteza karibu nusu ya umeme kwenye ufungaji kinamfanyia mnunuzi mchezo.

Kwa haki ya nano niseme mambo mawili ambayo matangazo huyasahau. La kwanza ni kwamba penye upozaji hafifu, kama kwenye feni hii, maada inayopitisha joto kidogo inasaidia mara mbili, kwa kuwa joto linalomwagika kwenye mapezi linapungua na tofauti inabaki kubwa. La pili ni uimara. Bismathi teluridi iliyogandishwa kwa njia ya zamani hupasuka kirahisi kufuata tabaka zake, na sigiri inayowashwa na kuzimwa kila siku inaitanua na kuibana bila huruma; iliyosagwa na kushindiliwa haina njia moja ndefu ya ufa kufuata, kwa hiyo inavumilia zaidi. Ningekuwa mtengenezaji wa vifaa vya jikoni, hoja ya pili ndiyo ningeitangaza.

Baada ya matengenezo hayo nilimpelekea kifaa kijana jirani yangu anayeuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) usiku, ambaye sigiri yake haipoi tangu magharibi hadi saa sita, na ambaye simu yake ya katochi, ile ndogo ya vitufe yenye tochi, ndiyo benki yake. Alikitazama akauliza, "Mwalimu, na mafuta yakirukia?" Swali lilikuwa sahihi kuliko yote niliyojiuliza mimi. Feni ilivuta moshi wa mafuta na unga wa ngano, mapezi yakapata utando unaonata, na upozaji ukazidi kuzorota kila alipokuwa na wateja wengi, yaani wakati hasa alipohitaji taa. Tukaitoa feni pamoja na mapezi yake, na badala yake tukabana sufuria ndogo ya alumini yenye kitako bapa, ikajazwa maji.

Hili ndilo badiliko bora kuliko yote. Kampala iko kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo upande baridi hauwezi kupita hapo maadamu sufuria ina maji. Yakiwa yangali kwenye nyuzi 60 mita ilionyesha volti 5.8, ambazo ni wati 3 za moduli, na hakuna feni ya kulishwa. Yakikaribia kuchemka zinashuka kuelekea 4.3, na hapo unayamimina kwenye chupa ya chai na kuweka mengine. Wati 5 za boksi si uongo mtupu kimahesabu. Zinahitaji tofauti ya nyuzi kama 150, yaani maji yanayobadilishwa mfululizo yabaki kwenye nyuzi 50, kazi ambayo hakuna mpishi atakayeifanya.

Katika hali hiyo simu ya katochi yenye betri ndogo ya miliampea-saa 1,000 inajaa kwa muda usiofika saa mbili, na simu janja ya kawaida inataka karibu usiku mzima wa kupika. Anayehofia kwamba kifaa kinaiba joto la chakula aondoe shaka: wati 3 za umeme zinahitaji joto la wati 70 hivi, na kilo moja ya makaa, yenye takriban megajuli 30, ikiungua kwa saa nne inatoa zaidi ya wati 2,000. Hatari iko kwingine. Nimeona watu wakifikiria kuiingiza sigiri chumbani ili simu ichajiwe wakiwa wamelala, na makaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Kifaa hiki ni cha barazani au jikoni penye upepo, hakuna mahali pengine.

Ukilinganisha na sola, sola inashinda kwa sehemu kubwa ya wanunuzi, na Hajati mwenyewe anajua, kwa kuwa anaviuza vyote viwili kwenye kaunta moja. Paneli ndogo ya wati 10 ikipata jua zuri la saa nne inakusanya wati-saa 40 hivi; sigiri kwa saa hizohizo, ikiwa na maji na imefungwa vizuri, haifiki 10. Sigiri ina faida kwa anayepika usiku, kwa anayekaa chini ya miti au ghorofa zilizosongamana, na katika miezi ya mvua ya Machi hadi Mei wakati mawingu yanakaa siku kutwa. Muuza rolex yumo katika makundi mawili kati ya hayo, na amekataa kukirudisha.

Nikipewa nafasi ya kutoa alama, kifaa kinavyotoka kwenye boksi nakipa mbili kwa tano, na kikishafungwa upya na kuwekewa maji nakipa nne. Anayekinunua akague kwanza skrubu, na ajue kwamba moduli ikiharibika si kila ya milimita 40 inafaa. Zile zenye namba TEC1-12706, zinazopatikana kwa urahisi kwa mafundi wa friji ndogo, zina jozi 127 vilevile na kwa sura hazitofautiani, lakini nyingi zimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu ya bismathi na bati inayoyeyuka kwenye nyuzi 138, na kwenye sigiri miguu yake itaanza kuteleza kabla maji hayajapata moto. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye karatasi kwamba moduli inavumilia nyuzi 200 au zaidi, na pasti ya joto kanunue kwa mafundi wa kompyuta. Mrija mdogo mmoja unatosha vifaa viwili.